One Piece: usome manga, uangalie anime, au uanze na ile ya Netflix yenye watu kweli?

Tangu vijana wa Antananarivo waingie barabarani 2025 na ile bendera ya fuvu ya maharamia wa One Piece, tena wao kofia ya majani wakaitoa wakalivisha fuvu kofia ya kwao ya Kimalagasi, kuna watu kibao ambao hata jina la Luffy walikuwa hawalijui sasa hivi wanauliza hii kitu inaanziwa wapi. Na majibu wanayopewa ni vurugu tupu. Huyu anasema soma manga (katuni ya Kijapani ya vitabuni), anime (ile ya kuchorwa ya kwenye tivii) itakuzeesha. Yule anasema bila anime hujaona kitu. Wa tatu anawaambia achaneni na hao, Netflix ipo, wikiendi moja umemaliza. Wote wana hoja ila kila mmoja anajibu kwa mda wake, bando lake na simu yake, na mwenye swali anabaki palepale.

Kwa kifupi kabisa kwa mgeni: Luffy ni kijana ambaye mwili wake unavutika kama mpira, anakusanya kundi la maharamia waende kutafuta hazina iliyoachwa na Gold Roger, mfalme wa maharamia. Eiichiro Oda alianza kuichora Julai 1997 kwenye Weekly Shonen Jump, gazeti la manga la Japani linalotoka kila wiki, akiwa na miaka 22, na alidhani itamchukua kama miaka mitano hivi. Mpaka leo anachora. Vitabu vimepita 110, na mwaka 2022 Guinness walimwandika kwa nakala milioni 500. Anime yake ya Toei Animation ilianza Oktoba 1999. Ile ya waigizaji ikaja Netflix tarehe 31 Agosti 2023, ikiwa imepigwa picha Cape Town, ndiyo, Afrika Kusini hapo hapo, na meli wakazijenga kweli.

Sasa tuzipime zote tatu kwa vitu vilevile: mda, kasi ya stori, hela na bando, lugha, kilichokatwa na kilichoongezwa, macho na masikio, na mwisho nani upo nae sebuleni. Spoila sitatoa, na pale ninapokaribia ntapita kwa mbali.

Mda

Hapa hesabu ndogo inatosha. Episodi za anime zimepita 1,100 na kila moja ni kama dakika 24, kwa hiyo ni masaa 440 hivi, yaani siku 18 bila kulala bila kula. Ukiangalia tatu kila siku bila kukosa ni mwaka mzima. Ukiruka wimbo wa mwanzo na yale marudio ya wiki iliyopita unapunguza, ila bado ni safari.

Manga nayo sura zimepita 1,100, sura moja ina kurasa 17 hivi mpaka 20, msomaji wa kawaida anaimaliza kwa dakika tano mpaka nane. Piga hesabu utapata masaa 100 mpaka 150. Ni nyingi lakini ni robo au theluthi ya anime, na unaweza kusoma sura mbili kwenye foleni ya benki.

Ya Netflix msimu wa kwanza ni episodi nane, jumla kama masaa nane, basi. Msimu wa pili ni wa Machi 2026 na wa tatu nao umeshathibitishwa. Ila ujue unachonunua kwa masaa hayo nane: inaishia kisa cha Arlong Park, ambacho kwenye manga ni kama sura ya 95. Yaani umeonja chini ya sehemu moja ya kumi ya stori.

Kasi ya stori

Hiki ndo kipengele ambacho watu hawakisemi vizuri na ndicho kinachoamua mambo mengi, kwa hiyo nivumilie.

Kwenye manga kasi unaishika wewe. Pigano likikuboa unapita kwa sekunde kumi, mtu akilia na wewe umeguswa unakaa pale kwenye ukurasa mpaka utosheke. Kwenye ya Netflix kasi ameishika mwandishi wa skripti, na yeye ana masaa nane tu ya kukupitisha kwenye sura karibu mia, kwa hiyo inakimbia, wahusika wanakutana leo kesho wameshakuwa ndugu. Kwenye anime kasi imeshikwa na kalenda ya televisheni, na hapo ndo kwenye matatizo.

Ni hivi. Oda anatoa sura moja kwa wiki, tena siku hizi anapumzika mara kwa mara. Anime nayo kwa miaka na miaka ilikuwa inatoka kila wiki. Mwanzo walikuwa na akiba kubwa ya sura, kwa hiyo East Blue, sura 100 za mwanzo, iliingia kwenye episodi 53, karibu sura mbili kwa episodi. Safi kabisa, inatembea. Ila akiba ikaanza kuisha na Toei hawakutaka kumfikia Oda wala kusimamisha kipindi, wakaamua kuvuta. Ukifika kipande cha stori kinachoitwa Dressrosa, sura 102 zimetandazwa kwenye episodi 118. Chini ya sura moja kwa episodi! Hapo ndo utaona mtu anakimbia kwenye korido ileile, nyuso za watu wanaoshangaa zinapitishwa moja moja, kumbukumbu uliyoiona juzi inarudishwa tena, na dakika kadhaa za mwanzo ni marudio. Watu wengi wanaosema One Piece inaboa wamekwamia Dressrosa au jirani yake, na ukiwauliza stori yenyewe wanakuambia ilikuwa tamu.

Wenyewe wameliona, mwishoni mwa 2025 Toei walitangaza kuwa kuanzia 2026 anime haitazidi episodi 26 kwa mwaka, ili ipumue. Na studio nyingine, Wit Studio, toka Desemba 2023 ilitangazwa kuwa inatengeneza anime nyingine mpya kuanzia mwanzo kwa ajili ya Netflix. Mimi singekushauri uisubiri hiyo ndo uanze, unless huna haraka na maisha, sawa.

Hela na bando

Manga ndo nafuu kwa mbali. Shueisha, wachapishaji wenyewe, wana apu ya MANGA Plus toka Januari 2019, na sura za mwanzo na zile za karibuni kabisa unasoma bure na kihalali. Zile za katikati angalia masharti ya apu yenyewe. Sura mpya inaingia huku kwetu Jumapili saa 12 jioni, wakati uleule ambao Japani inaingia Jumatatu usiku wa manane, kwa hiyo ukiamka Jumatatu ukakuta mtu kaweka mwisho wa sura kwenye status usimlaumu, ulikuwa na jioni nzima. Na picha za rangi nyeusi na nyeupe zinakula data kidogo mno ukilinganisha na video yoyote ile. Vitabu vya karatasi kwa huku ni shida, kuagiza kutoka nje gharama ya usafirishaji inaweza kukimbizana na bei ya kitabu. Wadau mlioko Minneapolis, Toronto au London nyie mna maktaba za mtaa, humo One Piece mara nyingi ipo na unaazima bure, itumieni hiyo nafasi.

Ya Netflix inahitaji usajili, ila kwa bando haitishi. Netflix wenyewe wanasema ukiweka mpangilio wa kubana data kwenye simu GB moja inakupa kama masaa sita, kwa hiyo msimu wote wa kwanza hauzidi GB moja na nusu. Ukidownload kwenye wifi ya kazini ndo kabisa (sijasema mimi).

Anime kwa hesabu hiyohiyo ya kubana data ni zaidi ya GB 70 ukiitaka yote. Na kabla hujalipia huduma yoyote fungua kwanza uone kwa nchi uliyopo wanaonyesha episodi ngapi, maana orodha zinatofautiana nchi na nchi, unaweza kulipia mwezi mzima ukakuta wameweka kipande tu.

Lugha

Kiswahili rasmi kwenye MANGA Plus hamna, kuna Kiingereza, Kifaransa, Kireno na nyingine kadhaa, kwa hiyo ndugu zetu wa Bujumbura, Goma au Bukavu wanaosoma Kifaransa vizuri wapo sawa tu. Kwa Kiingereza cha kawaida manga inasomeka, sentensi ni fupi na picha inakusaidia, neno likikushinda unasimama unalitafuta hakuna anayekukimbiza. Oda anapenda maneno mengi lakini, hasa sura za miaka ya karibuni, kuna kurasa zimejaa maandishi utadhani ni taarifa ya kikao.

Anime ni Kijapani na subtaito, na subtaito inakimbia. Kama kusoma kwa haraka ni tatizo utajikuta unaangalia maandishi episodi nzima picha hujaziona. Sauti za Kiingereza zipo ila zipo nyuma ya Kijapani, na hapa tahadhari: kuna toleo la zamani la Marekani la kampuni ya 4Kids, la 2004, walilikatakata kwa ajili ya watoto mpaka sigara ya Sanji, mpishi wa kundi la Luffy, wakaigeuza pipi ya kijiti. Ukikutana na Sanji anamumunya pipi, ondoka hapo, hiyo sio yenyewe.

Ya Netflix imeigizwa kwa Kiingereza moja kwa moja na ndo rahisi kuliko zote kwa aliyezoea muvi. Ukitaka raha nyingine weka sauti ya Kijapani, Luffy wa pale anasemewa na Mayumi Tanaka, mama yuleyule aliyemsemea kwenye anime toka 1999.

Kilichokatwa na kilichoongezwa

Manga ndo chanzo kwa hiyo hapa haina mpinzani, lakini kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi wapya wanalipita. Ile picha ya ukurasa wa kwanza wa kila sura, usiiruke. Oda huwa anachora humo stori ndogondogo, picha moja kwa wiki, za wahusika walioachwa nyuma, na baadae wanarudi kwenye stori kubwa wakiwa wamebadilika na wewe unashangaa imekuaje. Mafunzo ya Koby, rafiki wa Luffy wa mwanzoni kabisa, jeshini yalisimuliwa hivyo. Anime iliyachukua ikayaweka kwenye episodi ya 68 na 69, ila stori nyingine za hizo picha hazikuingia kabisa, ile ya mwezini kwa mfano, aliyeangalia anime tu hana habari nayo.

Netflix hiyohiyo ya Koby wakaitoa pembeni wakaiweka katikati, inaenda sambamba na safari ya Luffy toka mwanzo, na mimi naona ni moja ya maamuzi yao mazuri kabisa. Upande wa pili, Don Krieg ambaye kwenye manga ni adui wa mgahawa wa Baratie kwa sura nyingi tu, huku anapita dakika chache anamalizwa. Johnny na Yosaku hawapo. Hachi hayupo. Na kuna siri moja ya ukoo ambayo Oda aliificha mpaka sura ya mia nne na kitu, huku inatoka msimu wa kwanza tu kama mtu anakutajia namba ya simu. Wengine hawajali. Mimi ile iliniuma kidogo, maana kwenye manga inavyokuja ni ghafla na unacheka.

Anime yenyewe haikati sana, yenyewe inaongeza. Episodi za kujazia zipo japo sio nyingi kama anime nyingine za zama zake, na sio zote za kutupa. Zile za kambi ya G-8, kuanzia episodi ya 196, hazimo kwenye manga hata ukurasa mmoja na bado ni za kuchekesha kuliko baadhi ya stori rasmi, usiziruke.

Macho na masikio

Hapa anime inajibu mapigo. Muziki wa Kohei Tanaka na Shiro Hamaguchi, sauti za waigizaji, kicheko cha Luffy, hivi vitu karatasi haina. Episodi ya 1071 iliyotoka Agosti 2023 hata wasomaji sugu wa manga walikaa kimya wakaangalia, na kuanzia kipande cha Wano uchoraji ulipanda daraja jingine kabisa. Ila ukianza mwanzo usitegemee hivyo, episodi 206 za kwanza zina umbo la tivii ya zamani ya mraba, rangi zimefifia, ni kazi ya 1999 na inaonekana. Mimi napenda huo uzee wake, wewe labda utaona aibu kumwonyesha mtu.

Manga ni nyeusi na nyeupe na inasomwa kulia kwenda kushoto, siku mbili tatu unazoea. Tatizo kubwa ni kioo cha simu. Sura za mwanzo zina nafasi, zinapumua, ila baada ya sura ya 598, stori inapoanza upya baada ya mapumziko ya miaka miwili ya wahusika, vibox vinakuwa vidogo na vimejaa watu, kwenye simu ya kawaida utakuwa unavuta picha kila dakika. Mwenye tableti ana raha. Asiye nayo azungushe simu kwa kurasa zile mbili zilizoungana.

Ya Netflix ni nzuri kwa macho, Iñaki Godoy kwenye nafasi ya Luffy amefiti utadhani Oda alimchora yeye, na Oda mwenyewe alikuwa anasimamia. Mapigano ya Zoro, mtu wa panga kwenye kundi la Luffy, yanapendeza. Mkono wa mpira ukivutika lakini, kuna sehemu jicho linagoma kidogo.

Upo nae nani sebuleni

Niseme tu ukweli, jinsi Oda anavyochora wanawake, hasa baada ya hiyo sura ya 598, na jinsi Sanji anavyowakimbilia, sio kitu cha kuangalia na mama mkwe. Anime inafuata hivyohivyo na wakati mwingine inazidisha. Netflix hilo wamelipunguza sana, Sanji wao ni mtongozaji mwenye adabu, ila damu ipo ya kutosha, wao wenyewe wameiweka kundi la miaka 14 na kuendelea. Kwa hiyo na mkwe weka ya Netflix, na mtoto wa darasa la pili usiweke yoyote kabla hujaiona wewe.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una simu tu, bando la mawazo na Kiingereza cha kusomea, soma manga. Anza bure na sura tatu za mwanzo uone kama mchoro wake unakukubali, ukifika Baratie bado hujashikwa basi hii sio yako na hujapoteza kitu.

Kama wewe ni mtu wa sauti, mtu wa kuweka kitu kinaongea huku unapika au unanyoosha nguo, manga itakushinda, nenda na anime. Ila jiwekee ruhusa ya kuhama: angalia mpaka pale kasi itakapokuchosha, kwa wengi ni Dressrosa, kuanzia episodi ya 629, hapo hamia manga sura ya 700, maliza Dressrosa kwa kusoma kisha rudi kwenye anime Wano inapoanza, kama episodi ya 890 hivi. Katikati kuna Zou na Whole Cake Island, nazo soma. Hata ukitoa mda wa kusoma umeokoa kama masaa 80 na uzuri wa picha hujaukosa.

Kama unataka tu kujua watu wanaongelea nini, au unataka kumvuta mwenzio ambaye akisikia neno katuni anainuka, mwekee ya Netflix. Na usimwambie "kwenye manga haikuwa hivi" kila baada ya dakika tano, utamfukuza.

Umemaliza msimu wa kwanza wa Netflix na unataka kuendelea kwingine? Ukiwa na haraka anzia manga sura ya 96 au anime episodi ya 45, hapo kofia na bei ya kichwa cha Luffy vipo palepale ulipoviacha. Ila kisa cha mji wa Loguetown kinaanza hapohapo na huko ndani kuna watu watatajwa kama vile unawajua, kwa hiyo kama una wiki mbili za ziada rudi sura ya kwanza usome mpaka ya 95, ni masaa kama kumi tu.

Na kama unafanya mtihani mwaka huu, form four, form six, chochote, chukua ile ya masaa nane. Zile nyingine mbili hazina mahali pa kusimamia.